Konveta ya Pikapu Kwenye Miinuko ya Kangari

Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye vumbi na tope la Safari Rally ya mwaka wa 1979. Mwaka huo kampuni ya Mercedes-Benz ilileta Kenya gari kubwa la milango miwili, 450 SLC, lenye injini ya lita tano na silinda nane. Datsun 160J iliyoshindana nalo ilikuwa ndogo, nyepesi, na dereva wake alibadilisha gia kwa mkono. Mercedes ile ilikuwa na gia za otomatiki, tena ngazi tatu tu. Hannu Mikkola wa Finland aliifikisha katika nafasi ya pili, nyuma ya Mkenya Shekhar Mehta. Kabla mwaka haujaisha, magari ya aina hiyo yalikwenda Ivory Coast kwenye mbio za Bandama na kuzoa nafasi nne za kwanza.

Katikati ya injini na gia za gari lile kulikuwa na chombo ambacho leo kimo ndani ya pikapu nyingi zinazopanda na kushuka milima ya Kangari, ingawa wenye pikapu hizo wengi hawajawahi kukiona kwa macho. Jina lake ni toki-konveta. Gereji hulikata jina hilo na kusema konveta, na hivyo ndivyo itakavyoitwa hapa.

Konveta ina umbo la mabakuli mawili ya chuma yaliyofunikizana mdomo kwa mdomo, yakachomelewa na kujazwa mafuta. Ndani yake mna vifaa vitatu. Cha kwanza ni pampu, ambayo imeshikamana na injini na huzunguka nayo. Pampu huyarusha mafuta kwa nguvu hadi kwenye kifaa cha pili, tabaini, ambayo ndiyo inayozungusha gia. Cha tatu ni stata, gurudumu dogo lililokaa katikati. Kazi yake ni kuyapokea mafuta yanayorudi kutoka kwenye tabaini, kuyageuza na kuyaelekeza upya ili yaisukume pampu badala ya kuizuia. Hapo ndipo nguvu inapoongezeka. Gari linapoondoka mahali lilipokuwa limesimama, konveta ya kawaida inaweza kuifanya nguvu ya injini ya kuzungusha ifike kwenye gia ikiwa karibu maradufu. Mjerumani Hermann Föttinger alikisajili kifaa hiki mwaka wa 1905 akifikiria meli. Magari yalikichukua baadaye, na Buick ya mwaka wa 1948 ndiyo iliyokipeleka kwa wanunuzi wengi wa Marekani.

Sasa twende Kangari.

Mji huu uko Kigumo, katika Kaunti ya Murang'a, kwenye mteremko wa mashariki wa milima ya Nyandarua. Hapa ni nchi ya majani chai, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Barabara hupanda mgongo wa kilima, zikashuka hadi mtoni, zikapanda mgongo mwingine. Othaya ni hivyo hivyo, na Karatina, na vijiji vinavyozunguka mji wa Nyeri. Asubuhi pikapu hupakia kabeji, viazi, parachichi au magunia ya mbolea, na jioni hiyo hiyo hubeba watu na mizigo yao kurudi nyumbani. Siku moja inaenda Thika, siku ya pili inakwama kwenye udongo mwekundu wa mvua za Aprili.

Zamani pikapu hizo zilikuwa za gia za mkono karibu zote. Mambo yamebadilika. Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingia nchini mradi hayajapita umri wa miaka minane, na mengi ya yale yanayotoka Japani ni ya otomatiki. Hata Toyota Land Cruiser pikapu, gari lililojulikana kwa gia zake za mkono, ilipewa otomatiki ya ngazi sita mwaka wa 2023. Kwa hiyo swali lililokuwa la wakimbizaji magari limefika kwa mkulima na mchuuzi. Konveta ikichakaa, au mwenye gari akitaka pikapu yake ivute zaidi, anunue ipi?

Akiingia kwenye maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, au akitafuta konveta za Marekani zinazouzwa kwa jina la nguvu na kasi, atasikia tarakimu moja ikitajwa kuliko nyingine zote. Tarakimu hiyo ni kasi ya kukwama. Maana yake ni rahisi kuipata. Pikapu imesimama, breki imekanyagwa kwa nguvu zote, gia iko D, kisha dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho. Injini itapanda, ifike mahali fulani, igome kupanda zaidi kwa sababu mafuta ndani ya konveta yanaishikilia. Mizunguko ambayo injini imefikia kwa dakika ndiyo kasi ya kukwama ya konveta ile ikiwa na injini ile. Pikapu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kati ya 1,600 na 2,300. Konveta za mashindano hufika 3,000 na kuendelea.

Tarakimu kubwa inavutia. Injini inapopanda juu kabla gari halijaondoka, inaanzia mahali penye nguvu nyingi, na gari huruka kama mshale. Kwa gari jepesi linaloshindana kwa sekunde kumi na mbili kwenye lami tambarare, hiyo ndiyo konveta inayofaa. Kwa pikapu yenye tani moja ya viazi mgongoni, ni balaa, na sababu yake inaweza kupigiwa hesabu.

Tuchukue pikapu yenye gurudumu la kipenyo cha milimita 750. Mzunguko mmoja wa gurudumu hilo unaisogeza mbele karibu mita 2.36. Ikienda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Kenol, gurudumu linazunguka mara 566 kwa dakika. Ikiwa difu ina uwiano wa 3.7 na gia ya juu ni 0.75, basi tabaini inazunguka kiasi cha mara 1,570 kwa dakika. Konveta ambayo kasi yake ya kukwama ni 2,800 haitashikamana vizuri hapo, hasa dereva akikanyaga mafuta ili apande kilima. Injini itakimbia mbele, tabaini ibaki nyuma, na tofauti kati yao yote iishie kuyapasha mafuta joto.

Hali ni mbaya zaidi kwenye mwinuko mkali. Pikapu hiyo hiyo inapanda kwa kilomita 30 kwa saa ikiwa gia ya pili, yenye uwiano wa 1.5. Tabaini inazunguka mara 1,180 hivi. Injini, hata kwa konveta ya kiwandani, inaweza kuwa kwenye 2,000. Katika hali kama hiyo karibu moja ya tano ya nguvu hupotea. Kama injini inatoa kilowati 60, kilowati 12 zinageuka joto. Hebu msikilizaji apige picha ya birika sita za umeme, kila moja ya kilowati mbili, zikichemka kwa pamoja ndani ya mafuta ya gia, kwa muda wote wa kupanda kilima. Akiweka konveta iliyolegea zaidi, anaongeza birika nyingine.

Joto ndilo adui. Mafuta ya gia za otomatiki hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95. Mafundi wana kanuni ya miaka mingi kwamba kila nyuzi kumi na moja zinazoongezeka juu ya hapo huukata umri wa mafuta kwa nusu. Yakipita 120 huanza kuacha utando kama vanishi kwenye valvu. Yakikaribia 150, mpira wa sili unakuwa mgumu na diski za ndani zinaungua. Mwenye gari ataona dalili: rangi nyekundu inageuka kahawia, harufu inakuwa ya kitu kilichoungua, gia inachelewa kuingia asubuhi. Hapo bei ya konveta inakuwa jambo dogo, kwa kuwa gia boksi nzima imekwisha.

Ndiyo maana anayechagua konveta kwa ajili ya pikapu ya barabarani aanze na injini yake, wala asianze na tarakimu ya dukani. Aulize nguvu ya kuzungusha ya injini hiyo inaanzia wapi. Injini ya dizeli ya Isuzu 4JJ1 ya lita tatu, ile ya D-Max, inapotolewa na nguvu ya Nm 380 huifikia ikiwa kwenye mizunguko 1,800. Injini ya dizeli ya Toyota ya lita 2.8 iliyoingia kwenye Hilux mwaka wa 2015 ilitoa Nm 450 kwa otomatiki, kuanzia 1,600. Injini za namna hii hazihitaji konveta ya kukwama juu. Nguvu imeshafika mapema, na konveta inayokwama kati ya 1,700 na 2,000 inaikamata pale pale. Kuipandisha hadi 2,800 ni kuiruka sehemu bora ya injini na kununua joto kwa pesa.

Petroli ni habari nyingine. Injini ya Toyota ya lita 2.7, isiyo na tabo, hutoa Nm 240 hivi, tena ikiwa imekaribia mizunguko 4,000. Chini ya 2,000 ni dhaifu, na dereva wa Kangari anaijua hali hiyo kila anapoondoka kwenye tope akiwa na mzigo. Kwa pikapu kama hiyo, konveta inayokwama kati ya 2,300 na 2,600 inaweza kusaidia kweli. Isipite hapo kwa gari linalobeba mzigo kila siku.

Kuna jambo ambalo muuzaji wa Marekani hatamwambia mnunuzi wa Murang'a, kwa kuwa halimhusu. Kasi ya kukwama hutegemea nguvu ya injini, na injini hutegemea hewa. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 kuliko Mombasa. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na kasi ya kukwama hushuka pamoja nayo, kwa kama asilimia kumi. Konveta iliyopimwa 2,400 pwani inaweza kusoma karibu 2,200 Kangari. Fundi asiyelijua hilo anaweza kuihukumu konveta nzima kuwa mbovu. Dizeli yenye tabo hupoteza kidogo tu, lakini tabo yenyewe huchelewa kuamka kwenye hewa nyepesi, kwa hiyo kuongeza mizunguko 200 juu ya ile ya kiwandani kunaweza kuipa nafasi ya kuamka. Mizunguko 200, si 1,000.

Jambo la pili kwa uzito ni klachi ya kufunga. Konveta za kisasa zina diski ndani yake ambayo, gari likishika mwendo, huishikanisha injini na gia moja kwa moja, bila mtelezo. Packard ya Marekani ilikuwa nayo tangu mwaka wa 1949. Klachi hiyo ikifunga, zile birika zote zinazimwa: mtelezo unakwisha, mafuta yanapoa, na matumizi ya petroli au dizeli yanapungua. Baadhi ya konveta za mashindano huuzwa bila klachi hiyo ili ziwe nyepesi. Pikapu ya kazi isiipoteze kamwe. Kinyume chake, kama kuna pesa ya kuongeza, iongezwe hapo. Konveta yenye diski mbili au tatu za kufunga hubeba nguvu kubwa bila kuteleza, na hiyo ndiyo maana halisi ya konveta bora kwa gari la mzigo.

Klachi hiyo ina kazi nyingine inayogusa maisha ya watu. Kutoka Kangari kushuka kuelekea Maragua na Kenol, mteremko ni mrefu. Dereva mwenye busara huweka gia ya chini ili injini ishikilie gari, naye asizichoshe breki. Lakini injini hushikilia gari kupitia konveta. Ikiwa konveta imelegea na haifungi, mshiko huo unakuwa hafifu, gari linateleza mbele kama liko huru, na dereva anabaki na breki peke yake. Breki zikishika moto chini ya tani moja ya mzigo, kona inayofuata haina msamaha. Yeyote anayemshauri mwenye pikapu kuondoa klachi ya kufunga kwa ajili ya mwendo wa kuondoka, anamshauri auze usalama wa mteremko mzima.

Kabla hata ya konveta, pesa ya kwanza iende kwenye kipoza mafuta. Pikapu nyingi hupitisha mafuta ya gia ndani ya rejeta ya injini, na siku rejeta ina joto, mafuta nayo yana joto. Kipoza cha nje, kilichofungwa mbele ya rejeta mahali panapopata upepo, kinaondoa mzigo huo. Kipimo cha joto cha mafuta kikiwekwa kwenye dashibodi, dereva hahitaji kubahatisha. Akiona nyuzi 115 kwenye kilima, aingize gia ya kwanza au L. Kwa pikapu yetu ya mfano, kama gia ya kwanza ina uwiano wa 2.8, kilomita 30 kwa saa huifanya tabaini izunguke mara 2,200 badala ya 1,180. Mtelezo karibu wote unaisha, mafuta yanaanza kupoa, na hakuna shilingi iliyotumika.

Mwenye gari akiwa ameamua kununua, akague kilichomo. Aulize kama mapezi ya ndani yamechomelewa kwa shaba kwenye tanuri au yamekunjwa tu kushikana, kwa kuwa mapezi ya kukunjwa hulegea chini ya mzigo. Aulize kama ndani mna beringi za vigurudumu au washa za plastiki. Konveta ya kipenyo kidogo kwa kawaida hukwama juu, na ya kipenyo kikubwa hukwama chini, hivyo inchi mbili zinaweza kubadilisha tabia ya gari zima. Tena, konveta mbili zinaweza kuingia kwenye gia boksi ya aina moja, moja ikiwa ya injini ya petroli na nyingine ya dizeli, zisifanane hata kidogo kwa kasi ya kukwama. Konveta iliyotumika iulizwe imetoka kwenye injini gani. Kwa pikapu zenye kompyuta ya gia, konveta iliyo mbali sana na ya kiwandani inaweza kuwasha taa ya hitilafu, kwa kuwa kompyuta inaona mtelezo ambao haukutarajiwa.

Konveta nzuri inaweza kuharibiwa siku ya kufungwa. Imiminiwe mafuta kiasi kabla ya kuwekwa, ili isianze kavu. Iingie kwenye gia boksi ikizungushwa taratibu hadi ikae kabisa ndani ya pampu ya mafuta, na fundi atahisi ikishuka hatua baada ya hatua. Gia boksi ikishasogezwa hadi kwenye injini, kunatakiwa kubaki nafasi ya milimita chache kati ya konveta na bamba la injini kabla ya kukaza bolti. Nafasi hiyo isipokuwepo, asikaze kwa kulazimisha, maana atakuwa anaivunja pampu kwa mkono wake. Kama gia boksi ya zamani ilikufa, paipu na kipoza visafishwe au vibadilishwe, kwa kuwa vumbi la chuma lililobaki humo litaingia kwenye konveta mpya siku ya kwanza. Na jaribio la kasi ya kukwama lisizidi sekunde tano, kwa kuwa wakati huo nguvu yote ya injini inageuka joto. Baada yake gari liachwe kwenye N kwa dakika moja au mbili ili mafuta yapoe.

Turudi kwa ile Mercedes ya mwaka wa 1979. Ilikuwa na injini kubwa yenye nguvu tangu chini, na konveta ililainisha kila pigo la shimo kabla halijaifikia injini. Injini, konveta na kazi vilikuwa vimelingana. Pikapu ya Kangari inataka ulinganifu huo huo kwa kipimo chake: dizeli ibaki karibu na konveta ya kiwandani, iliyoimarishwa klachi ya kufunga, petroli iongezwe mizunguko mia mbili tatu, zote ziwe na kipoza cha nje. Mwenye pikapu anayejiandaa kwa mvua zijazo aanze wiki hii kwa kuchomoa kijiti cha mafuta ya gia, kama kipo, na kuyatazama. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, ampelekee fundi gari hilo kabla halijapakiwa tena.